Baba Yuko Mkutanoni

Siku Obuya alipoleta skrini nyumbani Kabiria, alikuwa amezifunga kwa shuka kuukuu kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alizibeba mwenyewe kutoka barabarani kwa kuwa hakumwamini mtu wa bodaboda. Zilikuwa mbili, nyeusi, za mitumba, kila moja na kibandiko cha ofisi ambayo haijulikani ilikuwa wapi duniani. Alikuwa amezinunua mjini, Luthuli, kwenye kiduka kilichobanwa katikati ya maduka ya redio na spika, na alihakikisha zimewashwa mbele ya macho yake kabla ya kutoa pesa. Pale mjini ukinunua kitu bila kukijaribu, shauri yako.

Everlyn, mkewe, alimfungulia mlango akamsaidia kuziweka kitandani. Zile skrini zilikuwa cherehani yake, hakuna haja ya kuzungusha maneno. Wiki hiyo hiyo cherehani ilikuwa imetoka kwa mlango huo huo, ikapakiwa kwenye mkokoteni, ikapelekwa Kawangware kwa fundi mwenzake aitwaye Waithera. Pesa zake zikaingia mfuko wa Obuya, zikaenda mjini, zikarudi zikiwa skrini. Mwanamume anaweza kukuambia ni vyombo vya kazi tu, kimoja kimetoka, vingine vimeingia. Mwulize mwanamke anayeshona, atakuambia vingine.

"Mama Peres, usinune," Obuya alisema akijipangusa jasho. "Hii ni ya muda tu. Nikishakaa sawa, nakununulia ile ya stima. Ile ya kudarizi."

"Sijanuna."

"Umenuna. Si naona mdomo."

Kwa miaka mingi Obuya alifanya kazi Westlands, ndani ya jumba refu la vioo, kwa kampuni iliyopokea simu za wateja wa ng'ambo. Alianza akiwa wa kushika simu, akapanda mpaka akawa kiongozi wa kikundi. Alipenda kazi ile mno. Kitambulisho cha ofisi alikivaa shingoni hata akienda dukani kununua maziwa siku ya Jumamosi, na majirani walimcheka kwa hilo, lakini walimcheka kwa heshima. Halafu jioni moja alirudi, akala, akanawa mikono, akasema kampuni inapunguza ofisi. Wadogo wote wanaachishwa kazi. Wakubwa wachache watafanyia kazi nyumbani.

"Si kila mtu," alisema. "Ni sisi tu wanaotuamini."

Everlyn alifurahi kupita kiasi. Jumapili iliyofuata aliwaambia akina mama wa kanisa, akaeleza vizuri kabisa, kwamba Baba Peres sasa anafanya kazi na wazungu moja kwa moja kutoka chumbani kwake. Walimpigia makofi na kumshukuru Mungu. Baadaye makofi hayo yalimrudia kichwani kila alipoingia kanisani, yakamchoma.

Taabu ilianzia kwenye dirisha. Nyumba yao ilikuwa na sebule, jiko dogo na chumba kimoja cha kulala, na dirisha la chumba hicho lilitazama kiwanja kisichojengwa, kwa hiyo lilileta mwanga mpaka jioni. Chini yake ndipo cherehani ilipokaa. Zamani Everlyn alikuwa na kibanda kando ya barabara. Barabara ilipopanuliwa kibanda kikavunjwa asubuhi moja, naye akaiokoa mashine yake akaileta nyumbani, na wateja wakaifuata. Walikuja wa sare za shule, wa kwaya, wa kupunguza kiuno na wa kuongeza kiuno. Hata Virginia wa Mountain View, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwake, alikuwa akiendesha gari lake mpaka Kabiria, akilalamikia mashimo ya barabara mwanzo hadi mwisho, kisha anateremsha kitambaa cha kikundi kizima. Nyumba ilikula kutoka Westlands, ndiyo, lakini pia ilikula kutoka chini ya lile dirisha.

Siku za kwanza Obuya alijaribu kukaa kando ya mashine, laptop ikiwa juu ya meza ya kupigia pasi. Mke akikanyaga, mume anafunika masikio. Siku ya tatu hivi aliinuka mezani amekunja uso.

"Wazungu wameuliza kama nafanyia kazi ndani ya posho mill ya kusaga unga."

Peres, binti yao wa darasa la nne, alicheka hadi akashika tumbo. Obuya hakucheka. "Mimi sitanii," alisema. "Hivi hivi ndivyo mtu hufutwa."

Kusikia neno lile, Everlyn aliondoa mkono kwenye gurudumu la mashine. Nani angeurudisha? Una mume anayeaminiwa na wazungu, una mtoto shuleni, una kodi ya nyumba, halafu wewe ndiwe wa kumfutisha kazi kwa kelele za sketi za watu? Na alipoambiwa kwamba kazi yenyewe inataka skrini zaidi, kwa kuwa wenzake wote huko nyumbani kwao wana mbili au tatu, yeye ndiye aliyempigia Waithera simu.

Kuzifunga kulichukua Jumamosi nzima. Obuya alivua shati akabaki na fulana, akapanga meza chini ya dirisha, laptop katikati, skrini moja kushoto, nyingine kulia. Laptop ilikuwa na tundu moja tu la waya, kwa hiyo alirudi mjini kununua kidude chenye matundu mengi, akarudi akipiga mluzi. Kisha skrini ya kulia ikawa fupi kuliko mwenzake, mguu wake umekatwa na mwenyewe wa kwanza. Alitazama huku na huku akitafuta cha kuiinulia, macho yake yakaangukia droo ya cherehani. Ilikuwa droo ya mbao ambayo vijana wa mkokoteni waliisahau chini ya kitanda, bado imejaa vifungo, chaki na nyuzi. Aliisukuma chini ya skrini bila kuimwaga.

"Inatosha kabisa!" alisema. "Ona, Mama Peres, kama imepimwa."

Everlyn aliona.

Halafu vikaja vituko vya kipanya. Obuya akikisukuma upande wa kulia, mshale unapotea, kisha unachomoza kule mwisho wa kushoto. Peres alikuwa akiruka kwa kicheko, akiuonyesha kwa kidole kila ulipotokea. Obuya alikohoa kama mwalimu.

"Kompyuta haijui kushoto wala kulia. Mpaka uiambie. Unaiambia hii iko huku, ile iko kule, basi, inaamini."

Aliiambia, ikaamini, na mshale ukatembea kutoka skrini hadi skrini bila kuruka. Kwa kuwa mkono ulishanoga, aliazima drili kwa jirani, akatoboa ukuta, akapitisha waya mrefu hadi kwenye runinga ya sebuleni, ili wikendi familia itazame sinema na mahubiri kutoka kwa kompyuta. Sasa nyumba ilikuwa na skrini nne, alisema, kuliko hata meneja wake wa zamani. Jirani mwenye drili aliingia kuona, akatikisa kichwa, akasema kweli kusoma ni kuzuri. Siku hiyo Obuya alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kabiria, na Everlyn, heri aseme ukweli, alifurahi kumwona hivyo.

Jumatatu sheria zikaanza. Mchana runinga isiwashwe. Redio izimwe. Maharagwe yasipikwe kwa presha kwa sababu ya ule mluzi. Peres akitoka shule avue viatu mlangoni, atembee kwa ncha za vidole, na mtu akibisha, amfungulie na kidole kikiwa mdomoni. "Baba yuko mkutanoni," alinong'ona kwa kila aliyekuja, awe wa maji, awe wa mboga, awe wa kukusanya pesa za taka, na alisema kwa fahari ya mtoto aliyepewa cheo. Watoto wa wapangaji wengine wa ploti walihamisha kamba yao ya kuruka nyuma ya choo. Mlango wa chumbani ulifungwa, na nyuma yake ikasikika sauti ya Obuya ikijibu watu kwa Kiingereza, ikikubaliana nao, ikiwashukuru, na mara moja moja ikitoa kile kicheko kifupi cha ofisini ambacho hakuwa nacho popote pengine.

Everlyn alikaa kwenye kochi na sindano ya mkono. Wateja walikuja wakapungua. Mtu hawezi kusubiri sare mpaka ishonwe kwa mkono kama enzi za bibi zetu. Virginia alifika na kitambaa cha sketi za kikundi chake, cha zambarau, akaingia hadi sebuleni, akatafuta mashine kwa macho.

"Mashine iko wapi, mama?"

"Niliiuza. Baba Peres anafanyia kazi hapa."

"Aki wewe! Si ungeniambia? Si ningekutafutia hata kakona kanisani." Lakini alisema hayo kwa sauti ya chini, maana Peres alikuwa amemwonyesha kidole, kisha akakibeba kitambaa chake akakirudisha garini, na wiki iliyofuata kikawa kwa Waithera. Everlyn alimsindikiza hadi kwenye gari na kumfungia mlango, akatabasamu mpaka gari likakata kona, kisha akarudi ndani akalia jikoni na mdomo ameuziba kwa kitambaa cha sahani, asije akasikika mkutanoni.

Mshahara nao ukaanza mambo yake. Mara kampuni inabadilisha benki, mara huko kwao ni sikukuu. Obuya alikuwa akitoa kidogo kidogo, na hizo kidogo zilikuwa zikipungua. Everlyn hakuuliza sana. Kazi ya wazungu, nani anaijua?

Alasiri moja, Peres akiwa shuleni, stima ilipotea. Everlyn alikuwa kwenye kochi akipinda ukingo wa sketi. Mlango wa chumbani ulifunguliwa, Obuya akatoka, vile vya masikioni vikining'inia shingoni.

"Ni tokeni zetu zimeisha ama ni ploti yote?"

"Sijui. Na mkutano?"

"Wanajua mambo ya stima ya Kenya. Watanisubiri." Akavaa sandali, akaenda langoni kwenye mita, ambako majirani walikuwa wameanza kukusanyika kulaumiana.

Laptop ilikuwa na chaji yake, ikaendelea na kazi huko chumbani. Kisha stima ikarudi. Jokofu likanguruma, taa ikawaka, na runinga ambayo tangu Jumapili hakuna aliyekumbuka kuizima ukutani, ikaamka yenyewe. Haikuleta sinema wala mahubiri. Kupitia ule waya wa ukutani ilileta watu, kila mmoja ndani ya kijisanduku chake, wakitazama mbele.

Everlyn alishtuka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta leso mabegani na kusukuma beseni la nguo kwa mguu, kwa maana alidhani wakubwa wa Obuya wanamwona, na amekaa vile, na nywele zile. Alitaka hata kuwaamkia. Ndipo alipoona hawamtazami yeye. Aliwatambua wawili watatu, aliwahi kuwaona kwenye sherehe ya ofisi, yule mrefu mwenye ndevu na yule msichana wa miwani. Kisha kijisanduku kimoja kikakua kikajaza runinga, na mwanamke akaanza kuongea.

Everlyn alitambua kola kabla ya kutambua uso. Ilikuwa blauzi ya manjano, na ncha ya kushoto ya kola ilikuwa imepanda juu kidogo kuliko ya kulia. Aliishona yeye mwenyewe; kitambaa kilikuwa kimepungua, akaunga kipande, akamwomba radhi mwenye nguo, na mwenye nguo akacheka akasema nani atanipima shingo, Mama Peres? Mwenye nguo alikuwa Kaluki, bosi wa Obuya pale Westlands. Aliipenda blauzi ile mpaka alipofariki mwaka jana na mama yake akasema azikwe nayo. Everlyn alikwenda mazishini Makueni na watu wa ofisi kwenye basi la kukodi. Alipita mbele ya jeneza kwenye foleni kama wengine, akatazama kupitia kioo chake, akaiona kola yake, ncha moja juu, akatamani mno angeinyoosha. Obuya ndiye aliyesoma risala ya ofisi.

Sasa Kaluki alikuwa hapo ukutani akicheka. "Obuya," aliita, "hebu tuambie. Kikundi chako kinaendeleaje?"

Na Obuya akajibu. Alitokea kwenye runinga, tai shingoni, mashavu yamejaa, akasema wanaendelea vizuri sana, wamepita hata lengo la mwezi. Huko nje langoni, Obuya alisema kwa sauti kubwa, "Si nyinyi mlisema ni tokeni? Imerudi, basi, kila mtu aende kwake."

Everlyn aliinuka akaingia chumbani. Hakuwa ameingia humo mchana tangu zile skrini zifungwe. Katikati, kwenye laptop, Kaluki alikuwa akiendelea kuongea, na chini yake ulikuwepo ule mstari wa kuonyesha video imefika wapi. Skrini ya kushoto ilikuwa imejaa picha ndogo ndogo zilizopangwa safu kwa safu, nyuso zile zile, mikutano na mikutano. Skrini ya kulia, ile iliyokaa juu ya droo yake, ilikuwa na mchezo wa karata ulioachwa nusu, malkia amekaa juu akisubiri pa kuwekwa.

Alikaa kwenye kiti cha mumewe. Alisikia sandali zikivuliwa mlangoni.

"Ilikuwa ploti yote," Obuya alianza, akaingia, akamwona pale kitini.

"Kaluki anakuuliza swali," Everlyn alisema.

Obuya alinyoosha mkono kufunga laptop. Everlyn aliushika ule mkono.

"Mwache amalize. Si ni mkutano?"

Walimsikiliza marehemu akieleza habari za zamu na likizo. Alikuwa na sauti nzuri. Alipomaliza na wote wakaagana, Obuya alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa chini.

"Walitufuta wote," alisema. "Mkubwa na mdogo. Hii laptop walinipa kwa sababu ni nzee. Nilifikiri mwezi mmoja tu nitakuwa nimepata ingine, ndiyo nikuambie. Nimetuma barua za kazi mpaka nimechoka, Mama Peres. Halafu ushaambia kanisa mzima. Sasa ningesema nini?"

"Sasa ni mimi?"

"Sijasema ni wewe."

"Na hawa? Unawatazama wa nini?"

Obuya aliitazama laptop. "Humo ndani bado wananiuliza maswali," alisema mwishowe. "Huku nje hakuna mtu ananiuliza kitu."

Everlyn alimhurumia. Hata hasira yake haikuweza kuizuia huruma hiyo, na hilo lilimkasirisha zaidi. Kama Obuya angekuwa na mwanamke mwingine, Everlyn angejua la kufanya. Angepiga kelele, angeita ndugu, angefunga nguo. Utamgombaniaje mwanamume na watu wa kwenye video, mmoja wao uliyemzika wewe mwenyewe?

"Kazi hupotea, Baba Peres," alisema. "Mimi kibanda changu kilivunjwa, na sikufa. Ungeniambia siku ile ile, tungekula jasho la mashine mpaka upate ingine. Sikuulizi kazi. Nakuuliza mashine yangu. Ulinyamazisha mashine inayoshona, ndiyo usikie nani?"

Obuya alifikiri. Ndilo lililomuuma Everlyn kuliko yote, kwamba alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta jibu la haki.

"Ilikuwa na kelele," alisema polepole. "Nilikuwa siwasikii vizuri."

Everlyn aliinuka, akashika mpini wa ile droo, akaivuta. Skrini ya kulia iliyumba, ikaegemea ukuta, haikuvunjika. Malkia wa karata akabaki amelala upande.

"Peres utamwambia wewe mwenyewe," alisema. "Kwa mdomo wako. Mimi sitakudanganyia mtoto."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Mama Peres. Kesho."

Kesho yake Everlyn aliifunga droo kwa leso akaenda Kawangware. Kibanda cha Waithera kilikuwa kimejaa vitambaa hadi darini, na cherehani yake ilikuwa mbele kabisa, kwenye mwanga, imepakwa mafuta, imetunzwa. Kuiona hivyo kulimuuma kuliko kama angeikuta imeharibika. Alimweleza Waithera kwamba ana skrini mbili nzuri, azichukue, amrudishie mashine.

Waithera aliacha mkasi. "Skrini nitafanyia nini, Mama Peres? Nitazivalisha nani?" Hakuwa mwanamke mbaya, aliona uso wa mwenzake akalegeza sauti. "Hii mashine inashona poa, sikudanganyi. Na nimechukua kazi za watu mpaka Krismasi. Nikiitoa sahizi nitaambia watu nini? Lakini kama unataka kazi, kaa hapo ushone. Nitakulipa kwa kila nguo."

Everlyn alitazama kiti. Alikaa. Mguu ulipogusa kanyagio, mashine iliitika mara moja, bila kisirani, kama aliyekuwa akimngoja tu. Alifungua leso, akatoa droo, akaisukuma kwenye nafasi yake upande wa kulia. Iliingia bila kukwama.

"Kumbe ilikuwa na droo!" Waithera alisema.

"Ilikuwa nayo."

"Na vifungo vyote hivi! Mungu akubariki." Waithera alichota kiganja, akavimimina kwenye kopo lake. Everlyn hakumzuia. Alipewa zambarau, sketi za Mountain View, na akazishona mpaka mchana ukageuka, akizijua saizi za wale akina mama wote kwa kichwa.

Virginia mwenyewe alipitia jioni kuangalia kazi imefika wapi. Alipomwona alipanua mikono. "Everlyn! Uko hapa! Na vile nilidhani umepumzika, baba akikuletea za wazungu."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Kibanda kilikuwa na watu watatu tu, na wote wangemwonea huruma, na kesho yake kanisa zima lingemwonea huruma. Sindano ilikuwa ikipanda na kushuka.

"Nimechoka kukaa bure," Everlyn alisema. "Baba Peres yuko tu sawa. Kazi nyingi."

"Mungu ni mwema," alisema Virginia.

"Kila wakati."

Alirudi Kabiria kwa miguu, mgongo ukimuuma mahali pale pale ulipokuwa ukimuuma zamani. Njiani aliwaza kwamba Obuya ameshasema. Labda Peres atakuwa amelia. Labda atauliza maswali, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nyumba itakuwa na kelele za watu walio hai. Alinunua mandazi kwa ajili hiyo.

Alisukuma mlango. Peres alikuwa amepiga magoti sakafuni, kitabu cha hesabu kikiwa juu ya kochi, akiandika. Alimgeukia mama yake na kidole mdomoni.

"Mbona umekaa chini?" Everlyn aliuliza. "Stuli yako iko wapi?"

"Shh! Baba ameitumia kuinua skrini," Peres alinong'ona. "Yuko mkutanoni. Bosi wake amempigia, anaitwa Kaluki. Mama, Kaluki ni mpole?"

Nyuma ya mlango Obuya alikuwa akieleza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayeheshimiwa, kwamba kikundi chake kinaendelea vizuri sana, kimepita hata lengo la mwezi. Kisha akacheka kile kicheko kifupi. Peres alikuwa akimtazama mama yake, macho yamejaa fahari, akingoja jibu.

"Ni mpole," Everlyn alisema kwa kunong'ona.

Alivua viatu, akavishika mkononi pamoja na mandazi, akapita mbele ya ule mlango kwa ncha za vidole kwenda jikoni.